Kabati Lisilopita Mlangoni

Nyundo ilikuwa bado juu.

Ndivyo tulivyomwacha Fundi Kadirio toleo lililopita: mikono miwili hewani, macho yamemtoka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na mbele yake ukuta wa nyumba ya watu. Tumshushe basi, asije akapata kibiongo kwa ajili yetu.

"Shemeji, usipige!" Mama Pindo alimpigia kelele.

"Nisipopiga leo, shemeji, kabati lako litazeekea humu na wewe utazeekea barazani!"

"Piga, baba mdogo!" akadakia Kimbelembele, binti wa Mama Pindo, ambaye jina hilo hakupewa bure. "Piga moja tu, hewa iingie!"

Mlango ukasukumwa.

Akaingia mwenye nyumba, simu mkononi, kamera imeshawashwa. Nyuma yake mkewe, mikono ameikunja tumboni. Wapangaji walimwita mwanamume huyo Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumbanduka kinywani hata alipokuwa anakutolea vyombo nje. Mkewe walimwita Bi Kimya, na hilo halihitaji maelezo.

Mama Pindo alifumba macho kungoja matusi.

"Taratibu, fundi," akasema Bwana Taratibu kwa sauti ya asali. "Mimi nisikukatishe kazi. Piga tu."

Hayo siyo matusi. Mama Pindo akafumbua jicho moja.

Aliyechelewa kujiunga nasi nimweleze upesi, maana nyundo ni nzito. Mama Pindo ni fundi cherehani, mjane, na chumba hiki amekipanga tangu binti yake anacheza kidali poo. Alipohitaji kabati la nguo za wateja, alimwita mdogo wa marehemu mumewe, seremala, anayejisifu kwamba jicho lake ni futi na kidole chake ni penseli. Ilikuwa masika, karakana yake inavuja, akaona aliundie kabati humu humu chumbani. Akalipima kwa jicho na ukuta, likakaa kama limezaliwa pale. Mlango hakuupima. Nani anapima mlango wakati kabati tayari liko ndani?

Sasa Mama Pindo amepata kibanda chake mwenyewe barabarani. Cherehani imetoka, meza imetoka, hata picha ya marehemu imetoka. Kabati limegoma. Kulaza halilali, kusimama halipiti, na gundi aliyotia shemeji ni ile ambayo mbao huvunjika yenyewe ikabaki. Bwana Taratibu akaja, akatazama, akacheka kwa pua: "Kisichotoka mlangoni ni cha nyumba."

Na bila kabati lile Mama Pindo si fundi, ni mwanamke mwenye cherehani. Nguo za watu atazitundika wapi? Msumarini, zipigwe na vumbi la barabara?

Turudi kwenye nyundo, aliyoileta shemeji abomoe ukuta kabati lipite.

Mama Pindo alijiuliza jambo moja. Mtu huyu alimkataza kupigilia hata msumari wa kalenda. Leo anamwambia mgeni avunje ukuta, tena anamchekea? Paka akimwambia panya "karibu ndani", panya mwenye akili huuliza kuna nini cha mchana.

Akamrukia shemeji, akaning'inia kwenye mkono wake kama nguo kwenye kamba.

"Niachie, shemeji!"

"Sikuachii!"

Nyundo ikateleza, ikaubusu ukuta kidogo tu. Kipande cha lipu kikadondoka, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Aaa!" Bwana Taratibu akashusha pumzi kama mtu aliyeona pete yake iliyopotea. Akakipiga picha kile kikovu kutoka mbali, akakipiga kutoka karibu, akapiga magoti akakipiga kutoka chini. "Uharibifu wa mali. Kwa makusudi. Mbele ya shahidi."

"Shahidi nani?" aliuliza Kimbelembele.

"Mke wangu."

Bi Kimya akatazama sakafu.

"Na ungebomoka wote," akaendelea Bwana Taratibu, asali imemwishia, "leo hii mngelala ndani, na kabati ningelichukua kulipia ukuta. Lakini si neno. Hata hiki kidogo kinatosha. Tokeni! Ushahidi usiguswe."

Akawatoa nje, akatia kufuli jipya, ufunguo akauchomeka mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

Unaona, mwenzangu? Kama una mwana au shemeji mwenye damu ya moto, msomee hapa kwa sauti. Pigo moja lingemtoa Mama Pindo kwenye kudai likampeleka kwenye kudaiwa.

"Twende polisi!" alisema Kimbelembele wakiwa bado barazani.

Wakaenda. Askari wa zamu aliwasikiliza huku akizungusha kalamu.

"Kabati limeibwa?"

"Hapana, afande."

"Liko wapi?"

"Chumbani kwangu. Nilikopanga."

"Amekupiga?"

"Hajanipiga."

"Sasa, mama, nikamkamate nani? Mlango?" Askari akacheka, kisha akaona Mama Pindo hacheki, naye akaacha. "Haya ni madai, si jinai. Nendeni mkasuluhishwe, mkishindwana kuna mahakama ya madai madogo. Ila nimesikia habari ya nyundo. Yuko wapi mwenye nyundo?"

Fundi Kadirio alikuwa amekwisha jificha nyuma ya mtoto wa kaka yake, tumbo lote nje.

"Yule bwana," askari akasema, "angevunja ukuta ule, tungezungumza naye akiwa upande huu wa kaunta."

Wakaenda kwa wasuluhishi. Huko Bwana Taratibu alikuwa mtu mwema ajabu. Kila alichoambiwa alikubali. Mwacheni mama atoe kabati. Sawa. Mpeni nafasi ya kutafuta njia. Sawa. Haya, tia sahihi hapa.

"Taratibu," alisema. "Nitafikiri."

Akafikiri mpaka msuluhishi akachoka. Mara ya mwisho hakutokea kabisa, alituma salamu.

Huku nyuma wateja wamemwandama Mama Pindo. Huyu anataka sketi, huyu suruali ya mwanawe, mwingine anasema fundi amekula kitambaa chake. Nguo zote zimo kabatini, kabati limo chumbani, chumba kina kufuli. Mwanamke akawa anapita vichochoroni kama mwizi wa kuku ilhali hakuiba hata yai.

"Mama, tumshitaki," alisema Kimbelembele.

"Mimi? Nikaseme nini mbele ya hakimu? Mdomo wangu umezoea kushika pini."

"Basi ziteme!"

Karani wa mahakama ya madai madogo aliwapokea bila makuu. Akaandika anayedai, akaandika anayedaiwa na jina la mwenye nyumba, akauliza anachotaka.

"Kabati langu. Zima."

"Wakili mnaye?"

Mama Pindo moyo ukamwanguka. "Hatuna, baba."

"Vizuri. Hapa hawaruhusiwi. Kila mtu anakuja na mdomo wake."

Siku ya kesi, chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko kibanda chake. Pangaboi moja lilizunguka kwa kulazimishwa. Hakimu alikuwa mwanamke mnene wa miwani, viatu amevivua chini ya meza, anafikiri hakuna aliyeona.

Bwana Taratibu aliingia na mkewe, picha za ukuta mkononi kudai fidia yake, na pamoja nao kijana wa suti nyeusi, kiatu kinang'aa mpaka unajiona meno.

"Huyu nani?" aliuliza hakimu.

"Mpwa wangu, Mheshimiwa. Wakili."

"Wakili akae nyuma, asikilize kama watu wengine. Nikisikia neno lake, anatoka."

Mpwa akainama kwa adabu, akaketi benchi la nyuma. Neno hakusema. Lakini kesi haijafika mbali, kikohozi kikamshika.

"Mdaiwa," hakimu alisema, "unakubali kwamba kabati liliundwa kwa mbao za huyu mama?"

Nyuma: *kho!*

"Ndiyo," akasema Bwana Taratibu.

"Ulimpa ruhusa kuliweka?"

*Kho, kho!*

"Hapana. Hata kidogo."

"Uongo!" Mama Pindo aliruka. "Ulikuja ukakaa ndani yake ukajipimia starehe! Ukasema hata jeneza halina nafasi kama hii!"

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, lakini taratibu. Alikuwa anamtazama wakili wa benchi la nyuma.

"Mdaiwa, una mke mmoja?"

Bwana Taratibu akageuza shingo kidogo kungoja. Nyuma kule mpwa alikuwa amechanganyikiwa, akakohoa moja, akakohoa mbili, akakohoa ya tatu kwa bahati mbaya.

"Ndi... hapana... ndiyo, Mheshimiwa! Mmoja!"

Bi Kimya aligeuka pole pole akamtazama mumewe.

"Karani," hakimu alisema, "mpeleke kijana huyu nje akanywe maji. Anywe mengi. Tukimaliza tutamwita."

Kimbelembele alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimcheza. Mama Pindo naye akapata nguvu. Akasimama, pini akazitema. Akaeleza mbao alinunua nani, gundi alitia nani, kabati linasimama kwa miguu yake lenyewe, na kila Jumamosi yeye na binti yake walilisogeza wafagie nyuma yake. Hakuna msumari, hakuna kamba.

"Kwa hiyo halijashikamana na nyumba," alisema hakimu, akiandika.

"Limeshikamana!" Bwana Taratibu akasimama. Hakukuwa na kikohozi cha kumzuia sasa. "Mheshimiwa, mama huyu anakudanganya. Lina skrubu nne hadi ukutani. Zilitiwa na huyo huyo seremala, tangu siku lilipoundwa. Na kilichofungwa kwenye nyumba ni cha nyumba. Twende ukaone!"

Mama Pindo akamgeukia shemeji.

"Sikutia!" Fundi Kadirio akaapa, mkono kifuani. "Shemeji, nife hapa! Skrubu sikuwa nazo! Ndiyo maana niliweka gundi!"

"Baba mdogo," Kimbelembele akamnong'oneza, "uliwahi pia kuapa kwamba utapima mlango."

Hakimu akatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu.

"Tunakwenda kuona."

Hapakuwa mbali. Waliongozana njia nzima, hakimu mbele, karani na faili, wenye kesi, na nyuma yao majirani waliokuja kwa sababu wameona watu wanakwenda. Bwana Taratibu alitoa ufunguo upande wa moyo, akafungua. Chumba kilinuka joto. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia.

"Kwa nini gunia?" aliuliza hakimu.

"Jua, Mheshimiwa. Linaharibu ukuta."

Kimbelembele akalivuta gunia, mwanga ukaingia.

Karani akachungulia nyuma ya kabati, akajaribu kulisukuma. Halikutikisika. Akasukuma kwa bega. Wapi. Kama anasukuma ukuta wenyewe.

"Limefungwa, Mheshimiwa."

Mama Pindo akamgeukia Fundi Kadirio. Alimtazama shemeji kwa jicho ambalo shemeji hakuwahi kulipata hata siku ya nyundo. Amemdanganya? Kumbe tangu mwanzo alitia skrubu, anaogopa kusema? Mbele ya hakimu amesema hakuna msumari, sasa ataonekana mwongo!

"Nilisema mimi," Bwana Taratibu alisema. "Taratibu, lakini nilisema."

"Fungua kabati," hakimu akaagiza.

Mama Pindo akafungua milango yote miwili. Nguo zilining'inia zimebanana, moja moja na mteja wake. Akazisogeza kushoto, akazisogeza kulia. Nyuma kabisa, kwenye ubao wa mgongo, kulikuwa na mfuko mpana wa kitambaa cheusi, umetundikwa kwa vitanzi vyake. Hapo ndipo Mama Pindo huweka kazi za siri, zile ambazo mteja amesema zisionekane na mtu.

Na juu ya mfuko ule vilimeta vichwa vinne vya skrubu.

Viwili vimezama juu, viwili chini. Skrubu zimepita mfuko, zimepita kilichomo, zimepita ubao, zimeingia ukutani.

Fundi Kadirio akaingiza kichwa. Akatoka anacheka mpaka machozi.

"Mheshimiwa! Aliyetoboa hapa alitoboa gizani! Hata mfuko hakuuondoa!"

Bwana Taratibu akakaza kope. Huo mfuko hakuuona. Ameziba dirisha, amesukuma nguo, amepapasa kitu laini akadhani ni ubao umevishwa kitambaa. Ndiyo kazi ya mtu asiyejua kabati la fundi.

"Haidhuru," alisema haraka. "Mfuko ulikuwapo tangu zamani. Seremala alitoboa juu yake. Anajulikana huyu, hapimi!"

Na kweli, nani asiyejua kwamba hapimi? Hata karani alitikisa kichwa.

"Mama," hakimu alimwuliza Mama Pindo, "ndani ya mfuko kuna nini?"

Mama Pindo akaufunika mfuko kwa kiganja.

Alijua kilichomo. Alijua kimeingia lini, siku mbili tu kabla ya nyundo. Akitamka, kesi imekwisha, kabati ni lake. Lakini aliyeleta kazi ile alimshika mkono akamwambia: fundi, mume wangu asijue, nakuomba kama dada yangu. Naye aliapa. Na mtu huyo sasa amesimama mlangoni, mikono tumboni, anamtazama Mama Pindo kwa macho ya kuomba ambayo hata kipofu angeyaona.

"Ni kazi ya mteja, Mheshimiwa."

"Mteja gani?"

"Siri ya mteja."

"Mama!" Kimbelembele akamfinya. "Sema!"

"Siwezi. Kazi hii ni ya kuaminiwa. Nikimtangaza mmoja leo, kesho nani ataniletea nguo yake?"

"Unaona, Mheshimiwa?" Bwana Taratibu alinyoosha mikono. "Hana jibu. Mfuko ni mkuukuu. Una matambara tu."

Matambara!

Pale mlangoni mtu mmoja alivuta pumzi.

"Tuutoe tuone," hakimu akasema. Fundi Kadirio akachukua bisibisi, akazungusha moja, mbili, tatu, nne. Skrubu zikatoka mpya, zinang'aa, hazina hata chembe ya kutu. Mama Pindo akaushusha mfuko, akaufungua kwa uchungu, akatoa gauni.

Lilikuwa la kijani kibichi, mikono mipana, shanga kifuani zilizotiwa moja moja kwa mkono. Na pale kwenye shanga, matundu mawili. Na chini kwenye pindo, mawili mengine. Unaona mtu upande wa pili.

"Gauni langu!"

Kila mtu aligeuka. Sauti ile hawakuwahi kuisikia.

Bi Kimya alikuwa amekwisha fika katikati ya chumba. Alilichukua gauni, akatia kidole kwenye tundu la kifua, kidole kikatokea mgongoni.

"Gauni lako?" Bwana Taratibu alisema. "Gauni gani? Tangu lini una gauni la kijani?"

"Tangu mwezi uliopita! Kitambaa nililetewa na dada yangu mwezi uliopita, nikakileta kwa fundi mwezi uliopita! Wewe ukatoboa! Wewe!"

"Taratibu, mke wangu..."

"Usiniambie taratibu! Juzi uliniambia unakwenda kurekebisha bomba! Ukaazima drili ya jirani! Nikakushikia na ngazi mpaka mlangoni!"

Majirani wakasema "Eeee!" kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

"Ulikuwa unakwenda wapi na gauni kama hilo?" Bwana Taratibu aliuliza, maana mwanamume akizidiwa kwenye hoja hukimbilia wivu.

"Popote! Nilikuwa nakwenda popote!"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii haikutimia hata hatua ya mtoto. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nafikiri alikuwa anaficha kicheko.

"Skrubu zilizotiwa wakati kabati linaundwa haziwezi kutoboa gauni la mwezi uliopita," alisema. "Karani, andika."

Karani akaweka faili kwenye kizingiti cha dirisha, akaandika.

"Kabati halikuwa limefungwa kwenye nyumba. Aliyelifunga ni mdaiwa, mwenye nyumba, akiwa na ufunguo peke yake, kesi imeshafunguliwa. Kabati ni mali ya mdai. Madai kinzani ya mdaiwa kuhusu ukuta: kovu liko wapi?"

Bwana Taratibu akatafuta. Akapapasa huku, akapapasa kule. Ilibidi Fundi Kadirio mwenyewe amwonyeshe.

"Hilo? Seremala atalipiga lipu. Na matundu ya skrubu aliyatoboa mdaiwa, atayaziba mwenyewe. Mdai ana wiki moja kutoa kabati bila kuharibu nyumba. Mtalitoaje?"

"Nitakadiria, Mheshimiwa," alisema Fundi Kadirio.

"Usikadirie!" watu wote wakasema.

Mama Pindo alicheka. Alicheka mpaka akaegemea kabati lake, akaligusa ubavu kama mtu anavyogusa mtoto aliyerudi salama. Kimbelembele akamkumbatia. Bwana Taratibu alikuwa kwenye kona, simu mkononi, anafuta picha.

Hakimu akaomba kalamu atie sahihi.

"Mheshimiwa," alisema Bi Kimya.

Alikuwa ameshakunja gauni, amelitia kwapani. Hakuwa analia. Sauti ilikuwa imeshazoea kutoka.

"Kabla hujatia sahihi. Nimesikia karani anaandikishwa kwamba mdaiwa ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo."

"Huyu siye mwenye nyumba."

Majirani wakasogea karibu. Nje dirishani mpwa wa suti, glasi ya maji mkononi, alisahau hata kukohoa.

"Nyumba ni yangu. Aliniachia baba yangu kabla huyu hajajua njia ya kuja mtaa huu. Yeye hukusanya kodi na kupiga kelele, kwa sababu mimi kelele siziwezi. Lakini tofali na mlango, vyote vyangu."

Kalamu ya hakimu ikabaki hewani.

"Fundi," hakimu alimwambia Mama Pindo, "ulipokuja kufungua madai uliulizwa jina la mwenye nyumba."

"Niliulizwa."

"Ulijuaje kwamba ni huyu?"

Mama Pindo akamnyooshea kidole Bwana Taratibu. "Mheshimiwa, si ndiye aliyekuwa anafoka?"

Ah, mwenzangu unayesoma, na wewe unamwita nani mwenye nyumba? Umewahi kuuliza, au na wewe unamhesabu mwenye sauti kuwa ndiye mwenye mali?

"Basi tuna tatizo," hakimu alisema taratibu. "Nimetoa amri juu ya nyumba ya mtu ambaye hukumshitaki, wala sijamsikiliza."

Lakini Mama Pindo hakuogopa sana. Mwenye nyumba si ndiye huyu, mwanamke mwenzake, ambaye yeye amemtunzia siri hadi tone la mwisho? Akamtazama akatabasamu. Bi Kimya naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Wewe ni mwanamke mwema, fundi," alisema. "Ungeweza kunitangaza ukashinda pale pale. Sitakusahau."

"Ahsante, dada yangu."

Bi Kimya akapita mbele ya mumewe bila kumwona. Akafungua mlango mmoja wa kabati, akaufunga. Haukulia. Akaufungua tena, akaingiza mkono mpaka mwisho kule kwenye vitanzi vya siri, akapima kina chake, polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kulala.

"Ila miaka yote nimenyamaza, na leo nimechoka kunyamaza, basi nikwambie la kweli," alisema. "Hili kabati, mimi mwenyewe nimelipenda."